Kifungo cha zamani na kutafuta kazi Uganda: fomu ikiuliza "umewahi kuhukumiwa?" mtu ajibu nini?

#1 Mshauri_Nakawa
Habari za jioni wanajukwaa. Nina dai, anayepinga aje na hoja. Hapa Uganda kifungo cha zamani chenyewe hakimnyimi mtu kazi kama zinavyomnyima karatasi zisizopatana. Fomu ya kazi inasema hivi, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) inasema vile, cheti cha tabia njema cha polisi kinaleta la tatu. Mwajiri hana muda wa kuchunguza ipi ya kweli. Anafunga faili, anachukua la anayefuata.

Tuchukue mfano tuujadili. Mtu alitiwa hatiani 2011 mbele ya hakimu kwa wizi, akapewa miezi 6, akatumikia, akatoka. Leo anaomba kazi ya stoo kwenye kiwanda kimoja Namanve. Fomu inamuuliza: "Umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani?" Kiwanda kinataka pia cheti cha polisi, barua ya LC1 na wadhamini wawili. Ajibu nini, na aanze na karatasi ipi?

#2 Boda_Mukono
Mbona rahisi. Rekodi inakufa baada ya miaka 7. Tangu 2011 hiyo miaka imeshapita zamani. Aandike "hapana", aendelee na maisha.

#3 Wakili_Mbale
Boda, hapo unamtumbukiza mtu shimoni. Hiyo miaka 7 najua imetoka wapi: ni ibara ya 80 ya Katiba ya 1995, inayotaja nani hafai kugombea ubunge. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la udanganyifu au la aibu ndani ya miaka 7 kabla ya uchaguzi, amefungiwa. Ni kanuni ya wagombea, haina habari na stoo ya Namanve.

Wapo pia wanaotaja miaka 10. Hiyo ni Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009: aliyepatikana na hatia ya makosa ya rushwa yaliyotajwa humo hashiki ofisi ya umma kwa miaka 10. Uingereza wana sheria ya 1974 inayozihesabu hukumu nyingi za zamani kuwa zimekwisha muda wake, na watu wetu wanaisoma kwenye simu wakidhani ni ya huku. Uganda hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo kwa mtu mzima. Kwa hiyo "hapana" ya huyu wa 2011 ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na siku ukigundulika hafukuzwi kwa wizi wa 2011. Anafukuzwa kwa uongo wa mwaka huu.

#4 Boda_Mukono
Asante wakili, hilo nimeliacha. Lakini akiandika "ndiyo", nani atamwita kwenye usaili?

#5 Afisa_Ajira_KLA
Niseme kutoka upande wa mwajiri. Swali la fomu lina maneno matatu na kila moja lina jibu lake. *Kukamatwa* ni polisi kukushika, hata ukatoka kesho yake kwa bondi. *Kushtakiwa* ni kusomewa mashtaka mahakamani. *Kutiwa hatiani* ni mahakama kusema umetenda. Watu wanayachanganya, wanajibu zaidi ya walichoulizwa au pungufu yake. Fomu ikiuliza kutiwa hatiani tu, na wewe kesi yako iliondolewa, jibu ni "hapana" na ni jibu la haki kabisa. Fomu ikiuliza yote matatu, kama hii ya Mshauri, jibu ni "ndiyo" halafu unasema ni lipi.

Kitu kinachowaangusha wengi ni urefu wa maelezo. Nafasi kwenye fomu ni mistari miwili, mtu anabandika karatasi mbili akieleza shemeji alivyomchongea. Mistari miwili inatosha: kosa, mahakama, namba ya kesi na mwaka, adhabu, tarehe ya kumaliza. Mfano: "Ndiyo. Wizi, Mahakama ya Hakimu ya mahali fulani, Kesi ya Jinai Na. fulani ya 2011. Kifungo miezi 6, nilikimaliza 2011. Sina kesi nyingine." Mengine asubiri aulizwe kwenye usaili.

Na wanaojaza fomu ya Utumishi wa Umma Namba 3, ile ya kuomba kazi serikalini, wasome swali la kuhukumiwa mpaka mwisho. Pale pale pameandikwa kwamba kutiwa hatiani hakumzuii mwombaji moja kwa moja kuajiriwa, ila kutoa habari za uongo kwenye swali hilo ni kosa. Watu wanaona neno "kosa la jinai", wanaruka sentensi inayowasaidia.

#6 Mama_Kasese
Afisa, hapo kwenye kuandika yote kwenye fomu sikubaliani nawe. Fomu zinachujwa na kijana aliyeambiwa apunguze 300 zibaki 20. Akiona "ndiyo" haendelei kusoma, hata mstari uwe mzuri vipi. Bora aandike "Ndiyo, maelezo nitayatoa kwenye usaili", apeleke nakala za hukumu mkononi, azungumze na mtu mzima mwenzake ana kwa ana.

#7 Afisa_Ajira_KLA
Mama, "maelezo nitayatoa kwenye usaili" inamwachia yule kijana akisie, naye hakisii wizi wa kuku, anakisia mauaji. Mwaka 2011 na miezi 6 vikionekana, uzito unapungua pale pale.

#8 Mama_Kasese
Kwa benki na mashirika makubwa labda. Kwa kiwanda ambako meneja anafanya usaili mwenyewe, nabaki nilipo.

#9 Karani_Mstaafu
Salamu kwenu. Mmebishana kuhusu fomu, lakini mtu atajazaje namba ya kesi ya 2011 kama hana karatasi? Wengi waliotoka hawana hata moja. Basi aanzie mahakamani, sio polisi.

Aende mahakama ile ile iliyomhukumu. Kama ana hati ya mashtaka, namba iko juu. Kama hana, ajue mwezi na mwaka, jina lake kama lilivyosomwa siku ile, na kama alikuwa mbele ya Hakimu Daraja la Kwanza au Hakimu Mkuu. Karani anafungua rejista ya jinai ya mwaka huo, kitabu kikubwa chenye namba, jina, kosa, tarehe na matokeo. Safu ya matokeo ndiyo anayoitafuta. Akiipata, aandike barua fupi kwa Hakimu Mkuu wa eneo akiomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na adhabu. Ataelekezwa kulipa, na malipo ni kwa PRN, namba ya malipo ya mamlaka ya kodi (URA), kupitia benki au simu, sio noti mkononi mwa mtu. Nakala ikirudi ahakikishe kila ukurasa una mhuri na saini, maana ukurasa wa kwanza peke yake ukiwa na mhuri, ofisi nyingine inazikataa zinazobaki.

Kinachokwama ni nini? Jalada la zamani halipo rafuni. Limepelekwa kwenye hifadhi, au kesi ilikatiwa rufaa likaenda Mahakama Kuu. Kabla hajaondoka aulize limeenda wapi na kwa tarehe gani, na aandikiwe. Akiambiwa tu "halipo", arudi na barua ya maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Barua yenye mhuri wa kupokelewa inafanya kazi ambayo maneno ya dirishani hayaifanyi.

#10 Mshauri_Nakawa
Karani, ubarikiwe. Naongeza kitu kimoja kinachochanganya waajiri: tarehe. Nakala ya hukumu itasema miezi 6, lakini karatasi ya kuachiliwa ya gereza itaonyesha alitoka baada ya miezi 4. Mwajiri akizilinganisha anashtuka, anauliza mtu huyu alitorokaje. Hakutoroka. Sheria ya Magereza ya 2006 inampa mfungwa mwenye tabia njema punguzo la theluthi moja ikiwa kifungo kinazidi mwezi 1. Theluthi ya 6 ni 2, zinabaki 4. Na kama alikaa mahabusu kabla ya hukumu, Katiba ibara ya 23 inataka mahakama izingatie muda huo, hivyo tarehe zinaweza kusogea tena. Aandike kwa penseli pembeni ya nakala yake hesabu hiyo ili akiulizwa asibabaike.

#11 Fundi_Katwe
Nasoma nashangaa mnavyohangaika. Katwe hapa mchomeleaji anaonyesha geti alilochomelea, basi. Hakuna cheti cha Interpol cha polisi.

#12 Mshauri_Nakawa
Fundi, ni kweli, na wengi wanaotoka wanapitia huko kwanza. Lakini geti likiwa la kampuni ya ujenzi yenye mkataba mkubwa, wewe fundi utaombwa orodha ya vijana wako, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIN) na barua zao za LC1. Hapo swali linakurudia.

#13 Fundi_Katwe
Hapo umenishika. Basi endeleeni, nawasikiliza.

#14 Afande_Zamani
Nizungumzie cheti cha tabia njema maana mengi yanayosemwa mitaani ni ya kubuni. Kinatolewa na kurugenzi ya Interpol ya Polisi ya Uganda. Unakwenda na kitambulisho cha taifa au pasipoti, picha, malipo kwa PRN, halafu unachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Msingi wa cheti ni hizo alama zinazolinganishwa na zilizohifadhiwa. Barua ya OC (mkuu wa kituo) cha karibu sio cheti hicho, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani. Mwajiri akisema "cheti cha polisi", muulize anataka kipi kabla hujatoa hela.

Sasa vidole. Kinachorudisha watu nyuma ni alama hafifu. Mtu anayechanganya saruji kwa mikono, anayefua nguo za watu kwa sabuni kali, anayebeba matofali, mistari ya vidole imelainika kama kokoto ya mtoni. Kidole kinaviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili, na kama mistari haipo kinatoka doa jeusi tupu. Apumzishe mikono siku tano sita, apake mafuta usiku, siku yenyewe anawe, akaushe vizuri, asipake mafuta asubuhi. Dada zetu wasiende na hina mbichi kwenye ncha za vidole. Na alegeze mkono, amwachie mchukuaji auzungushe. Anayesaidia kusukuma ndiye anayetia doa.

#15 Bombo_Nubi
Afande shikamoo. Kuna jambo nataka ulieleze. Wapo watu wanaojulikana kijiji kizima kwamba walifungwa, wakaenda kuomba cheti wakapewa safi. Inakuwaje?

#16 Afande_Zamani
Marahaba. Ninavyoona mimi, matokeo ya kesi hayakurudi. Polisi wanafungua jalada lenye namba ya SD (kitabu cha matukio cha kituo) kisha ya CRB (kitabu cha kesi), mtuhumiwa anapelekwa mahakamani, anahukumiwa. Baada ya hapo matokeo yanatakiwa yarudi kwenye kumbukumbu za polisi. Jalada likiishia mahakamani, kule kwenye kumbukumbu hakuna kilichoandikwa.

#17 Karani_Mstaafu
Afande, umeitupia mahakama mzigo wote. Mimi naona tatizo linaanzia kituoni: makosa madogo ya zamani mtu alipelekwa mahakamani bila kuchukuliwa alama zozote. Hata matokeo yarudi, yatabandikwa kwenye alama zipi?

#18 Wakili_Mbale
Mimi nashuku majina. Kitambulisho cha taifa kimeanza kuandikishwa kwa wingi 2014. Kabla ya hapo mtu alitaja jina lolote kituoni: Musa leo, Moses kesho, jina la baba mbele au nyuma, mara la ukoo peke yake. Rekodi ya 2011 imeandikwa kwa jina ambalo halimo kwenye NIN ya leo.

#19 Afande_Zamani
Jina haliwezi kuwa sababu ikiwa alama zipo, kidole hakibadilishi jina. Labda kama msako ulianzia kwenye jina.

#20 Karani_Mstaafu
Na kama alama hazipo, jina ndilo pekee lililobaki. Tunarudi kwangu.

#21 Mshauri_Nakawa
Wazee, iwe ya nani, jambo la kufanya kwa mwombaji halibadiliki: cheti safi hakimruhusu kuandika "hapana" kwenye fomu. Fomu imemuuliza yeye, haikuuliza mashine. Hii ndiyo tofauti ya karatasi niliyoisema #1. Mtu anapata cheti safi, anafurahi, anaandika "hapana". Miezi 8 baadaye mdhamini anayemjua tangu zamani anaulizwa kwa simu, anasema "yule amebadilika sana tangu atoke gereza la Luzira", na anadhani anamsifia.

#22 Boda_Mukono
Eh! Mdhamini amemuua kwa sifa.

#23 Mama_Kasese
Ndiyo maana mdhamini anatakiwa apewe nakala ya kile ulichojaza. Ajue umesema nini, aseme hicho hicho. Sio kumfundisha uongo, ni kumfanya asikutane na swali gizani.

#24 Dada_Kireka
Samahani naingilia. Kama mtu alipatikana na hatia lakini hakulala gerezani, alipewa kufagia soko la mtaa, ana rekodi? Wengi wanasema hana.

#25 Wakili_Mbale
Nyabo, anayo. Hiyo ni amri ya huduma kwa jamii, chini ya sheria ya 2000. Ni adhabu inayotolewa badala ya gereza kwa makosa madogo, haizidi miezi 6 wala saa 8 kwa siku, na inatolewa baada ya kutiwa hatiani. Swali likiwa "umewahi kutiwa hatiani" anajibu "ndiyo". Faini ni hivyo hivyo. Aliyeambiwa na hakimu "nenda, usirudie" baada ya kukiri kosa, naye ni hivyo hivyo. Watu wanapima rekodi kwa siku za kulala ndani, sheria inapima kwa neno la hatia.

Sasa wale ambao kweli hawana. Mtoto: umri wa kuanza kuwajibika kwa jinai ni miaka 12, na chini ya Sheria ya Watoto maneno "kutiwa hatiani" na "adhabu" hayatumiki kwake katika mahakama ya familia na watoto. Mahakama inatamka tu kwamba kosa limethibitishwa. Aliyepitia Kampiringisa, kituo cha kurekebisha watoto, akiwa na miaka 16, akiulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, jibu la kisheria ni hapana. Wa pili ni aliyeondolewa mashtaka na DPP, mkurugenzi wa mashtaka. Huyu awe na karatasi ya mahakama inayosema hivyo, maana kuondolewa kabla ya utetezi hakuzuii kushtakiwa upya, na mwajiri anaweza kuuliza.

#26 Arua_Mjini
Wakili usisahau watu wetu wa huku. Sheria ya Msamaha ya 2000 iliwahusu waliochukua silaha dhidi ya serikali tangu 26 Januari 1986, na wengi wa West Nile na Acholi wana cheti cha msamaha. Kampuni za ulinzi zinawauliza kama wana rekodi. Wajibuje?

#27 Wakili_Mbale
Umenikumbusha vyema. Msamaha ule ni kuondolewa kushtakiwa. Aliyepewa kwa vita hivyo kabla ya hukumu hana hatia iliyotamkwa na hakimu. "Umewahi kutiwa hatiani?" Hapana. Cheti abaki nacho nyumbani, akitoe pale tu swali linapogusa utumishi wa zamani wa silaha. Na asikichanganye na msamaha wa Rais wa ibara ya 121, unaopitia kamati ya ushauri ambayo mwenyekiti wake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huo unampata mtu aliyekwisha kutiwa hatiani.

#28 Bombo_Nubi
Huo wa Rais unafuta rekodi?

#29 Wakili_Mbale
Unaondoa adhabu, yote au sehemu, au unaambatana na masharti. Mimi nashauri ajibu "ndiyo, nilisamehewa mwaka fulani" na aambatishe barua.

#30 Karani_Mstaafu
Wapo mawakili wanaosoma msamaha kamili kwamba mtu anakuwa kama hakutenda. Hamkubaliani nyinyi kwa nyinyi.

#31 Wakili_Mbale
Hatukubaliani, kweli. Ndiyo maana nasema aambatishe barua, asome yeyote anavyosoma.

#32 Owino_Kijana
Na zile za uzururaji? Vijana wengi walizolewa mitaani usiku, asubuhi mahakamani, wakakiri ili warudi nyumbani. Mahakama ya Katiba si ilifuta kosa hilo?

#33 Wakili_Mbale
Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vipengele (c) na (d) vya kifungu cha 168(1) cha Kanuni ya Adhabu, vile vya kumshika mtu kwa kushukiwa tu kuwa ni mzururaji. Namba za vifungu zimebadilika kwenye toleo jipya la sheria, basi asome hati yake ya wakati ule. Aliyehukumiwa kabla ya hapo kwa kipengele hicho hicho aseme hivyo: "Kifungu cha 168(1)(c), kilichobatilishwa 2022." Mwajiri mwenye wakili ataelewa mara moja.

#34 Owino_Kijana
Kwangu mimi kosa lililobatilishwa halipo. Anajibu hapana.

#35 Afande_Zamani
Kijana, mpaka mtu apeleke ombi mahakamani, ile safu ya matokeo kwenye rejista ya Karani bado imeandikwa hatia.

#36 Owino_Kijana
Afande, safu ya rejista sio Katiba. Sitasogea hapo.

#37 Afisa_Ajira_KLA
Tuangalie upande wa benki kidogo, maana kuna mkanganyiko unaowapotezea watu muda. Benki zikisema "tumeangalia CRB" zinamaanisha ofisi ya taarifa za mikopo, deni lako la simu na la SACCO. Polisi wakisema CRB wanamaanisha kitabu cha kesi. Mtu ananyimwa kazi kwa mkopo wa laki mbili ambao haujafungwa, anakimbilia mahakamani kutafuta hukumu ya zamani. Aulize kwanza: CRB ipi?

Na mashirika ya misaada yana njia yake. Tangu 2019 mengi yako kwenye utaratibu wa kuulizana kuhusu mwenendo wa mtumishi aliyehama, hasa unyanyasaji wa kingono, kwa waajiri wa miaka 5 iliyopita. Huko hata kama hakuna kesi polisi, taarifa ya nidhamu inafika.

#38 Dada_Kireka
Kuna kazi moja ya mlezi wa watoto, mwajiri anasema rafiki yake polisi "atamwangalizia" kwenye mfumo kimyakimya. Inaruhusiwa?

#39 Wakili_Mbale
Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa au msingi mwingine wa kisheria, na kupata au kutoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria ni kosa lenye faini hadi vizio 245, yaani shilingi 4,900,000, au kifungo hadi miaka 10, au vyote. Mwajiri anayetaka kujua aombe cheti kwa mlango wa mbele. Kwa kazi za watoto ana haki ya kukidai, na mimi namuunga mkono. Sheria hiyo hiyo inakupa wewe haki ya kuuliza mwajiri ana taarifa gani juu yako na kudai irekebishwe ikiwa ina makosa. Ofisi ya Ulinzi wa Data iko chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari.

Niongeze: Sheria ya Ajira ya 2006 ina orodha ya ubaguzi uliokatazwa, rangi, jinsia, dini, VVU, ulemavu na kadhalika. Rekodi ya jinai haimo kwenye orodha hiyo. Ukikataliwa wakati wa kuajiri, ni vigumu kupinga. Lakini ukishaajiriwa, mambo yanabadilika: wakigundua hukumu ya zamani wakakufukuza, lazima kwanza wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa, wakusikilize, na uje na mtu unayemchagua mwenyewe. Wasipofanya hivyo wanakudai wiki nne za mshahara halisi hata kama sababu yao ilikuwa nzuri. Malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya ni ndani ya miezi 3. Miezi 3 inakwisha haraka watu wakiwa bado wanabembeleza.

#40 Boda_Mukono
Wanakudai wao au unawadai wewe?

#41 Wakili_Mbale
Unawadai wewe. Asante kwa kunishika, nimeandika kinyume.

#42 Busia_Mpakani
Sisi wa mpakani tuna shida mbili. Aliyefanya kazi upande wa Kenya anaombwa cheti cha huko pia, kinachoombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya. Cha Uganda hakisemi lolote kuhusu miaka aliyokaa huko. Na wanaokwenda Saudia kupitia kampuni zenye leseni, cheti cha Interpol kinaombwa mapema, kabla ya viza. Asilipe ada ya wakala kabla cheti hakijatoka, kikikwama ile hela hairudi kirahisi.

Jingine: huku kuna anayeuza cheti tayari, "kimechapishwa Nasser Road, hakigunduliki".

#43 Afande_Zamani
Kinagunduliwa. Mwajiri makini anarudisha namba ya cheti kwa waliokitoa. Na kughushi hati ni kosa jipya, sawa na kuitumia ukijua ni ya kughushi. Mtu wa 2011 anageuka mtu wa leo.

#44 Mshauri_Nakawa
Turudi kwenye barua ya LC1, hatujaigusa na ndiyo inayoombwa kuliko zote. Mwenyekiti wa LC1 hana rejista ya jinai. Anathibitisha makazi na mwenendo anaouona: kijiji, parokia, kata ndogo, umekaa tangu lini, anakujua vipi. Wenyekiti wengine wanaandika "hana rekodi yoyote ya uhalifu" kwa kumpenda mtu wao. Sentensi hiyo ikikaa kwenye faili moja na "ndiyo" ya fomu, mwenyekiti anaonekana mwongo na mwombaji anaonekana amemtuma. Amwombe kwa upole aiondoe, aandike "nimemjua kwa miaka 9, ni mkazi mwenye mwenendo mzuri". Hiyo ni kweli na inamtosha.

#45 Dada_Kireka
Na akiwa amehama? Huku alikohamia hajafikisha mwaka.

#46 Mshauri_Nakawa
Barua mbili. Ya kwanza LC1 wa zamani anamtambulisha kwa LC1 mpya, ya pili mpya anathibitisha. Kampuni za ulinzi zinapenda zote mbili, na mara nyingi zinaomba za GISO na DISO (maafisa usalama wa kata ndogo na wa wilaya) juu yake, basi majina yawe herufi kwa herufi kama kwenye NIN.

#47 Boda_Mukono
Swali la mwisho kabla sijalala. Mhuri wa mwenyekiti wetu umekauka wino, kwenye picha unaonekana nusu tu. Unakubalika?

#48 Karani_Mstaafu
Mhuri lazima ukate picha, nusu ukae usoni mwa picha, nusu kwenye karatasi, na jina la kijiji lisomeke. Kama halisomeki, abandike picha mpya kwenye karatasi mpya apigiwe upya. Asimruhusu mwenyekiti kupiga mara ya pili juu ya ule wa kwanza, ofisini watasema picha imebadilishwa.